Mipira mirefu ya breki kwa Land Cruiser iliyoinuliwa: usipime gari likiwa limesimama

Ndugu, umesema Land Cruiser 80 yako umeiinua inchi 4 na fundi anakuambia mipira ya breki ya zamani, ile inayopitisha mafuta ya breki hadi kwenye magurudumu, "itafika tu". Ni kweli, itafika, ilimradi gari limesimama kwenye lami. Yangu pia ilifika, nikazunguka nayo Mbale miezi miwili bila shida.

Kisha tukaenda Karamoja. Kuvuka mto mkavu, tairi moja ya nyuma ikabaki hewani na ekseli ikashuka mpaka mwisho wa shokamzoba. Sikusikia chochote. Mbele kidogo nakanyaga breki, pedali inazama. Kuchungulia chini, mpira wa nyuma umechanika pale unapoingia kwenye kichwa cha chuma, mafuta yanachuruzika juu ya difu. Ahueni ni kwamba masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali, imetenganisha breki za mbele na za nyuma, basi nikajikongoja mpaka Moroto kwa gia ndogo, na za mbele peke yake.

Kwa hiyo pima ekseli ikiwa inaning'inia. Piga jeki kwenye chesisi, si kwenye ekseli, weka stendi imara, acha magurudumu yashuke yenyewe. Chukua waya laini, ufuatishe njia ya mpira kutoka kiungo hadi kiungo, ongeza kama sentimita 5. Mbele, zungusha usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Mpira usikazike, wala usiguse tairi.

Ukienda Kisekka, soko la vipuri Kampala, nenda na mpira wa zamani mkononi. Huko inaning'inia mafungu kama ngege wa kukaushwa, na muuzaji atalinganisha kwa macho tu. Nati za Toyota ni milimita 10 kwa hatua ya nyuzi ya milimita 1, na magari mengi ya Ulaya yana nyuzi hizo hizo. Hapo ndipo mtego ulipo: itaingia vizuri kwa vidole, lakini mdomo wa paipu haukubaliani. Wa Toyota umepanuka kama faneli, wa Ulaya umeumuka kama kiputo. Niliuziwa hivyo mara moja. Ikawa inavuja jasho kila asubuhi, nami nazidi kukaza kama mjinga.

Watakuelekeza pia kwa wanaobana mipira ya haidroliki ya matingatinga. Kataa, hata wakikuonyesha kwamba inabeba presha kubwa. Presha si hoja. Mpira ule kwa ndani umetengenezwa kwa oili ya madini. Mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 huuvimbisha na kuulainisha polepole. Tafuta ulioandikwa SAE J1401 ubavuni, ndicho kiwango cha mipira ya breki. Penye boliti yenye tundu, weka washa mpya za shaba, zile za zamani zitupe.

Ukishafunga mipira, kutoa hewa kwenye breki, anza gurudumu la mbali na masta silinda. Usukani wetu uko kulia, basi ni la nyuma kushoto.

Halafu angalia ile vavu inayorekebisha breki za nyuma kufuata mzigo, yenye mkono uliofungwa kwenye ekseli, kama gari lako linayo. Ukiinua gari, mkono unavutwa chini, vavu inadhani huna mzigo, inapunguza breki za nyuma. Mimi nilichongesha kipande cha chuma kwa mafundi wa Katwe, Kampala, nikakiweka chini ya kishikizo cha mkono kule kwenye ekseli kukipandisha.