Mfumo wa malalamiko umepoa: tutengeneze programu ya simu?

SWALI: Mimi ni afisa TEHAMA wa halmashauri moja Kanda ya Ziwa. Tulifungua mfumo wa kupokea malalamiko mtandaoni. Mwezi wa kwanza yaliingia mengi, sasa kwa wiki hayafiki matatu. Mkurugenzi anataka tutengeneze programu ya simu. Itasaidia?

JIBU: Ndugu, programu iache kwanza. Kama mwezi wa kwanza watu walikuja, njia waliijua. Kilichowafukuza ni walichokikuta baada ya kubonyeza "Tuma".

Chukua malalamiko kumi ya mwanzo uyasome kana kwamba wewe ndiye mlalamikaji. Nabashiri utakuta "Limepokelewa. Linashughulikiwa", kisha kimya. Watafiti waliochambua FixMyStreet, mfumo wa Uingereza wa kuripoti mashimo ya barabarani na taa zilizozimika, ulioanza 2007, walikuta kwamba kwa mtu ambaye tatizo lake la kwanza lilitatuliwa, uwezekano wa kuripoti tena ulipanda kwa asilimia 57. Tena mfumo huo, baada ya wiki nne, humwuliza aliyeripoti: limetengenezwa? Kwenu nani anafunga lalamiko? Kama ni idara iliyolalamikiwa, takwimu zitang'aa na bomba litaendelea kuvuja.

Halafu tazama fomu yenyewe. Mwananchi hajui barabara ya mtaani kwake ni ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) au TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa), wala si kazi yake kujua. Ukimpa orodha ya idara achague, atabahatisha, na lalamiko litazungushwa hadi lichakae. Mwulize nini kimeharibika na wapi, basi. Kugawa ni kazi ya mtu wa dawati. Mnaye? Nimeona ofisi ambako nywila ya mfumo alikuwa nayo karani aliyekwishahamishwa wilaya!

Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) msiidai kwa kila jambo. Kwa bomba lililopasuka haina maana, na kwa anayeripoti kuombwa rushwa inatisha.

Kuhusu simu, kumbuka Maji Matone, mradi wa hapa Tanzania wa kuripoti kwa ujumbe wa simu. Shirika la Daraja lilitarajia wananchi watume ujumbe 3,000 kuhusu vituo vya maji vibovu, ukaja 53, na mwaka 2011 likakiri hadharani kwamba mradi umeshindwa. Wateka maji walikuwa kina mama na watoto, simu nyingi zilikuwa kwa kina baba. Na wengi hawakuamini kama kuna mtu angechukua hatua. Programu mpya haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Isitoshe, e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa kupokea malalamiko na maoni, tayari unapatikana kwa *152*00#, hata kwenye kitochi.

Mwambie mkurugenzi fedha hizo zilipe muda wa maongezi na mafuta ya pikipiki ya fundi. Wapigieni wale kumi wa mwanzo. Na ujumbe unaofuata usiwe "Linashughulikiwa", uwe hivi: "Bomba la karibu na zahanati: fundi anakuja Alhamisi asubuhi. Asipofika, jibu HAPANA." Huyo HAPANA aingie moja kwa moja kwenye simu ya mkuu wa idara.