Mafuta kwenye damu: majibu kwa mliouliza

Shikamoo daktari. Nina miaka 46, mwembamba, sijawahi kulazwa. Nimepima, LDL imesoma 5.2. Mbona sijisikii chochote? (Tanga)

Marahaba. Hutajisikia chochote, na ubaya wake uko hapo. LDL ndiyo inayosambaza kolesteroli, au lehemu, mwilini. Ikizidi hupenya kwenye kuta za ateri na kujenga utando polepole, miaka nenda miaka rudi. Siku utando ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia: kwenye moyo ni shambulio la moyo, kwenye ubongo ni kiharusi.

Mtu asiye na tatizo jingine tunataka awe chini ya 3.0 mmol/L. Wembamba haukukingi, maana kolesteroli nyingi hutengenezwa na ini lako mwenyewe. Tena wapo watu, takriban 1 kati ya 250, waliorithi ini lisiloweza kuiondoa LDL ipasavyo. Kwa 5.2 yako nauliza: yupo mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata shambulio la moyo kabla ya miaka 55? Kama yupo, watoto wako nao wapimwe. Wewe mwenyewe pima pia sukari, figo na tezi ya shingo, kisha zungumza na daktari wako kuhusu dawa. Mlo peke yake hautaishusha 5.2 kiasi cha kutosha.

Dumu langu la mafuta limeandikwa "haina kolesteroli". Basi nikaange tu? (Mwanza)

Maandishi ni ya kweli, ila hayakusaidii kitu: mafuta ya mimea yote ndivyo yalivyo. Kinachopandisha LDL ni mafuta ya aina ile inayoganda. Kwenye mawese ni karibu nusu, kwenye nazi ni zaidi ya 80%, kwenye alizeti ni kama sehemu moja kati ya kumi. Wali wa nazi wa Ijumaa haunitishi, na sitaki ugomvi na watu wa pwani. Zinazonitisha ni chipsi za kila jioni na samli ya kila chapati.

Trigliseridi zangu, yale mafuta mengine ya kwenye damu, ni 12, nami nakunywa bia wikiendi tu. (Nairobi)

Hili usilingoje. Kawaida ni chini ya 1.7. Zikipita 10, kongosho linaweza kuvimba, na ugonjwa huo huua. Acha pombe kabisa, soda pia, upime sukari wiki hii. Tumbo la juu likikushika kwa maumivu makali yanayopenya hadi mgongoni, nenda hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Naweza kuacha statini, dawa yangu ya kolesteroli, nitumie kitunguu saumu na ndimu? (Morogoro)

Hapana. Kitunguu saumu kitie kwenye mchuzi. Statini hushusha LDL kwa 30 hadi 50%, na ukiiacha hupanda tena ndani ya wiki chache. Misuli ikiuma bila sababu, rudi kwa aliyekuandikia akubadilishie dozi au aina. Na kama unapanga kushika mimba, mwambie mapema.