Re: Kuseti taimingi ya Corolla 110 elfu 80, ni halali?

Mkuu, elfu 80 ya kuseti taimingi (muda wa plagi kupiga cheche) hapo unapigwa. Mimi hapa Dar nililipa elfu 25, ufundi tu. Kwenye injini ya 5A-FE yenye distributa (kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi), kazi haifiki nusu saa: fundi anaunga matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti, anamulika puli kwa taa ya taimingi, analegeza bolti za distributa na kuizungusha taratibu mpaka alama isome digrii 10. Akiseti kwa sikio tu, chukua gari lako uondoke.

Ila kabla ya taimingi, anza kukagua plagi, rota (kile kinachozunguka ndani ya distributa) na kifuniko cha distributa. Langu lilikuwa linamisi (silinda nyingine haichomi), nikalipia taimingi bure, kumbe waya mmoja wa plagi umepasuka!