Laptopu nzito: RAM au SSD kwanza?

Umeuliza kipi kitangulie kwenye laptopu yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya programu zilizofunguliwa) ya GB 4 na diski ya kawaida, ya kuzunguka: kuongeza RAM au kuweka SSD, yaani diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka. Mimi ningeanza na SSD, ila pima kwanza. Fungua programu zako za kila siku, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, angalia asilimia za Memory (RAM) na Disk. Diski ikiganda kwenye 100% ilhali RAM bado ina nafasi, jibu unalo. Zote zikijaa, utahitaji vyote viwili: RAM ikiisha, Windows huhamishia mzigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka haiwezi kasi hiyo.

Chukua SSD ya SATA (aina ya muunganisho wa diski) ya inchi 2.5, unene milimita 7. Inakaa palepale ilipokuwa ya zamani. M.2, SSD nyembamba kama kipande cha ubao, ina mtego wake, maana baadhi ya matundu hukubali SATA tu, na NVMe, muunganisho wa kasi zaidi, haitasomeka. Kwa RAM, soma lebo ya iliyomo. DDR3 na DDR4 ni vizazi vya RAM; DDR4 haiingii tundu la DDR3, na mashine nyingi za DDR3L (volti 1.35) hukataa kuwaka ukiweka DDR3 ya volti 1.5. Na tafadhali, chomoa betri kabla ya kugusa chochote ndani.