Chumvi, joto na nyambizi: majibu ya maswali yenu

Baada ya kuandika juu ya vyombo visivyo na mtu vinavyotembea chini ya bahari, nimepata maswali mengi, na karibu yote ni ya mabomu. Nimechagua machache.

Kwa nini jeshi la wanamaji la Marekani lihangaike kupima chumvi na joto la maji badala ya kuongeza manowari? (Msomaji, Tanga)

Kwa sababu chini ya maji macho hayasaidii, masikio ndiyo kila kitu. Mwanga haufiki mbali, rada haipenyi, inabaki sauti. Nayo sauti baharini hainyooki. Hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi kwenye maji ya moto, pungufu kwenye ya baridi, na ikifika pale tabaka la juu lenye joto linapokutana na baridi ya chini, hupinda. Nahodha wa nyambizi anayejua mpaka huo uko kina gani hujibanza chini yake, na manowari iliyo juu itapiga sonari, yaani kifaa cha kutafuta vitu kwa sauti, isiambulie kitu. Ndiyo sababu kifaa cha kupimia joto kwa kina, alichobuni Athelstan Spilhaus mwishoni mwa miaka ya 1930, kilifungwa kwenye nyambizi za Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Leo sehemu ya kazi hiyo hufanywa na glaida, aina mojawapo ya vyombo vile visivyo na mtu. Haina pangaboi. Hubadili ujazo wake kidogo, ikazama, ikabadili tena, ikaibuka, na mabawa yake hugeuza kupanda na kushuka huko kuwa mwendo. Mtu anayetembea kwa miguu anaiacha, lakini hukaa baharini kwa miezi. Mwaka 2009 glaida ya Chuo Kikuu cha Rutgers ilivuka Atlantiki hadi Hispania kwa siku 221.

Asiyepima hulipa. Tarehe 8 Januari 2005 nyambizi USS San Francisco iligonga mlima wa chini ya bahari kusini mwa kisiwa cha Guam, Pasifiki, baharia mmoja akafa. Chati, yaani ramani ya bahari, iliyokuwa ikitumika haikuuonyesha. Chati nyingine, humo humo chomboni, zilikuwa na dalili ya hatari.

Vinaongozwa kwa GPS vikiwa chini? (Wasomaji watatu)

Hapana! Nimelijibu hili mara ngapi? GPS ni redio, na mawimbi yake hayapiti maji ya chumvi. Chombo huibuka, hujua kilipo, hutuma data kwa setilaiti, huzama tena. Someni kabla ya kuuliza.

Kile walichokamata Wachina mwaka 2016 kilikuwa cha kijasusi? (Msomaji, Mombasa)

Tarehe 15 Desemba 2016, kama maili 50 za baharini kutoka Subic Bay, Ufilipino, meli ya jeshi la China iliokota glaida ambayo meli ya upimaji ya Marekani, USNS Bowditch, ilikuwa inakwenda kuichukua. Ilirudishwa siku tano baadaye. Marekani ilisema data zake si za siri. Nakubali, lakini joto lilelile linalomfaa mtabiri wa hali ya hewa linamfaa pia mwindaji wa nyambizi.

Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unataka ridhaa ya nchi ya pwani kwa utafiti wa kisayansi ndani ya maili 200 za eneo lake la kiuchumi. Marekani, ambayo haijauridhia, inashikilia kwamba upimaji wa kijeshi ni jambo jingine. Sisi wa pwani hii tulipaswa kuushtukia mwanya huo kabla ya wengine wote. Kapteni Owen wa jeshi la wanamaji la Uingereza alikuja kupima kina na kuchora chati. Mwaka 1824 akawakubalia Wamazrui, watawala wa Mombasa, ulinzi wa Waingereza. Alikuja na bildi, kamba ya kupimia kina, akaacha bendera.

Mkataba huohuo unatupa haki ya kuweka wataalamu wetu ndani ya meli za utafiti na kupewa data. Serikali inayotoa kibali bila kudai haki hizo inagawa bahari yetu bure, na jambo hilo linaniuma.

Vinaweza kubeba bomu?

Vikubwa vinaweza. Lakini Machi 2003, bandarini Umm Qasr, Iraq, vyombo vidogo visivyo na mtu viitwavyo REMUS vilikuwa vinatafuta mabomu yaliyotegwa, ili meli ya misaada iingie.

Mimi ni mvuvi Kilwa. Nikikuta kwenye nyavu kitu cha manjano chenye mabawa, ni mali yangu?

Hapana kaka, na usikipasue kutafuta vyuma vya kuuza: glaida nyingi zina betri za lithiamu, na hizo huwaka moto au kulipuka. Desemba 2020 mvuvi wa kisiwa cha Selayar, Indonesia, aliokota glaida ya sentimita 225 hivi. Aliitolea taarifa, ikaishia mikononi mwa jeshi la wanamaji la nchi yake, na ndivyo inavyotakiwa. Piga picha, andika mahali na saa, peleka habari BMU (kikundi cha usimamizi wa ufukwe) na polisi siku hiyohiyo, kabla dalali hajakufikia. Ila ukiona ni tufe la chuma lenye pembe, huenda ni bomu la kutegwa baharini: usipige hata picha. Kata wavu uondoke.