Mkataba wa Ajensi Haujaisha Nami Nimepata Kazi Nyingine: Nifanyeje?

SWALI

Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Manyatta hapa Kisumu. Ajensi moja iliniandika kwa mkataba wa miezi 6, ikanipeleka kwenye ghala kupakia na kupakua mizigo. Nina miezi miwili na nusu tu. Sasa nimeitwa kazi ya kudumu Nakuru, nianze baada ya wiki mbili. Mkataba unasema anayetaka kuondoka mapema atoe notisi ya mwezi mmoja, au alipe. Wenzangu wananiambia nizime simu nipotee, kwa sababu ajensi yenyewe humwambia mtu "kesho usije" kwa ujumbe wa simu, na ovataimu yangu ya mwezi uliopita hawajalipa. Mmoja amesema atanitafutia cheti cha hospitali nionekane mgonjwa. Tena mwenye ajensi si Muislamu. Nikiondoka kimya nina dhambi? Na mshahara wa kazi mpya utakuwa halali?

JIBU

Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Nianze na la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Mshahara wa Nakuru utakuwa halali ikiwa kazi yenyewe ni halali na umeitolea jasho. Kosa la namna ulivyoondoka Kisumu, likiwapo, litabaki kuwa deni baina yako na uliowaacha. Wala kutafuta riziki iliyo bora si kosa. Usijilaumu kwa hilo.

Sasa mkataba. Mwenyezi Mungu anasema mwanzoni mwa Suratul Maida: "Enyi mlioamini! Timizeni ahadi." Kazi ya ujira katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, inaitwa ijara, na katika madhehebu yetu ya Shafi ijara hufunga pande zote mbili: mmoja hawezi kuivunja peke yake kwa kuwa ameona penye maslahi zaidi. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi wamepanua kidogo, wakaruhusu kuivunja kwa udhuru wa kweli. Lakini mshahara mnono zaidi mahali pengine hauhesabiwi udhuru, nami sitaki kukudanganya juu ya hilo.

Hata hivyo, soma tena karatasi uliyotia saini. Wewe hukuahidi miezi 6 bila kutoka. Uliahidi miezi 6, na kwamba ukitaka kutoka kabla utatoa notisi ya mwezi au utalipa. Hilo ni sharti mlilokubaliana, na Mtume (s.a.w.) amesema Waislamu hufuata masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Kwa hiyo anayetoa notisi hajavunja mkataba, bali ameutekeleza. Nabii Musa (a.s.) alipoajiriwa Madyan, mzee alimwekea miaka 8 na akamwachia 10 kwa hiari yake, mwanzo wa kazi wote wawili walijua mwisho ulipo. Wewe pia umeonyeshwa mlango. Pitia hapo.

Kuzima simu ndiko ninakokukataza, na nitakueleza kwa nini. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mwalimu wa madrasa, kijana hodari. Jumamosi moja nilifika nikakuta watoto wameketi kwenye mkeka, Juzuu Amma zimefunguliwa mapajani, wanamngoja. Mdogo wao alikuwa ameshika ubao aliouandika usiku ili amwonyeshe. Simu ya mwalimu haikupatikana siku ile wala ya pili. Baadaye tulisikia amepata kazi mji mwingine. Wallahi, lau angeniambia wiki moja kabla, ningemwombea dua na kumtafutia nauli. Kilichotuumiza ni wale watoto kukaa mpaka adhuhuri wakitazama mlango. Huko kwenye ghala hakuna watoto, lakini yupo mwenzako wa shifti atakayebeba magunia yako juu ya yake, na yupo supavaiza aliyeahidi kwamba lori litaondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Mwenyezi Mungu anamwambia Mtume wake katika Suratul Anfal, aya ya 58, kwamba akichelea hiana kwa watu waliowekeana naye mkataba, awarudishie mkataba wao waziwazi, pande zote ziwe sawa katika kujua. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba Muawiya, kiongozi wa Waislamu, alikuwa na mkataba wa amani na Warumi. Muda ulipokaribia kwisha alianza kusogea na jeshi kuelekea nchi yao, ili siku utakapoisha awe mlangoni mwao. Akaja mtu juu ya farasi anapiga kelele: Allahu Akbar, kutimiza ahadi, si hiana! Kutazama, ni sahaba Amr bin Abasa. Akamkumbusha maneno ya Mtume kwamba mwenye mkataba na watu asifunge fundo wala asifungue mpaka muda wake uishe, au awatangazie waziwazi. Muawiya akarudi na jeshi lake. Hao walikuwa maadui wa vitani, na bado haikufaa kuwashtukiza. Itakuwaje kwa mtu aliyekuandika kazi?

Hapo umeshapata jibu la mwenye ajensi kutokuwa Muislamu. Sahaba Hudhaifa na baba yake walikamatwa na Makureshi, washirikina wa Makka, njiani kuelekea Madina, wakaachiliwa kwa ahadi kwamba hawatapigana upande wa Mtume. Vikaja vita vya Badri, Waislamu ni mia tatu na kidogo, kila mkono unahitajika. Mtume akawaambia waende zao, ahadi ya wale watu itatimizwa, na msaada utaombwa kwa Mwenyezi Mungu. Imo katika Sahihi Muslim.

Cheti cha hospitali cha uongo, usikiguse. Ni uongo na ni kughushi.

Kuhusu ovataimu, umedhulumiwa, na silipitishi. Katika hadithi Qudsi iliyopokewa na Bukhari, Mwenyezi Mungu ametaja watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja ni aliyeajiri mtu, akamtumikisha kazi yote kisha asimpe ujira wake. Wenye ajensi wanaosoma haya waogope. Lakini wewe umeambiwa na Mtume (s.a.w.): mrudishie amana aliyekuamini, wala usimfanyie hiana aliyekufanyia hiana. Dai haki yako kwa maandishi, na wakikaidi nenda ofisi ya leba. Kama ungekuwa umenyimwa mshahara wa miezi, au unapigwa, au unalazimishwa jambo la haramu, jibu langu lingekuwa jingine: hapo ondoka.

Basi fanya hivi, na ufanye leo. Andika barua kwa ajensi, maana wao ndio waliokuajiri. Supavaiza wa ghala mpe nakala na umweleze kwa mdomo. Weka tarehe ya barua na siku yako ya mwisho kazini. Waombe wakuachilie baada ya wiki mbili. Mwajiri wa Nakuru naye mwombe akusogezee tarehe. Mwajiri muungwana hufurahi kuona mtu anayeheshimu alikotoka. Ajensi wakikubali, yamekwisha, na kukubaliana kuvunja mkataba kwa ridhaa kuna thawabu katika dini yetu. Wakikataa, lipia siku zilizopungua kama mkataba unavyosema. Mnaweza pia kukatana na ovataimu wanayodaiwa, ila iwe kwa makubaliano yaliyoandikwa, si kwa hesabu yako peke yako.

Sheria ya nchi haipingani na haya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 35, inataka notisi ya maandishi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na kifungu cha 36 kinaruhusu kulipa badala ya notisi. Kibarua anayelipwa kwa siku, yeye anaweza kuondoka jua likitua bila notisi. Kwa kuwa umepita wiki 4 kazini, una haki pia ya kupewa hati ya utumishi. Iombe.

Siku ya mwisho rudisha gambuti, aproni na kitambulisho cha getini, utiwe saini kwamba umerudisha. Kisha mwombe msamaha yule mwenzako wa shifti. Mwenyezi Mungu akufungulie Nakuru, na akulipie jasho lako la Kisumu.

Wallahu aalam.