Jibu: Kwa nini Torricelli, mwanafizikia wa Kiitalia, alitumia zebaki, si maji, katika jaribio lake la baromita (chombo cha kupima kanieneo ya hewa)?

Mkuu, sababu ni urefu. Kwenye usawa wa bahari, kanieneo ya hewa, yaani msukumo wa uzito wake, hubeba maji hadi mita 10.3 hivi, mrija wa kioo wa kimo hicho utausimamisha wapi? Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, hivyo husimama karibu na sentimita 76. Katika jaribio alilolieleza kwa barua Juni 1644, mrija uliozibwa upande mmoja ulijazwa zebaki pomoni, mdomo ukazibwa kwa kidole, ukapinduliwa ndani ya bakuli la zebaki.

Kuhusu baromita yako ya kale inayosoma chini: wengi hulaumu kipimio, lakini mshukiwa wa kwanza ni hewa iliyojipenyeza katika nafasi tupu iliyo juu ya zebaki. Iinamishe taratibu. Zebaki ikigonga kilele kwa mlio mkavu, ombwe, yaani ile nafasi tupu isiyo na hewa, ni zima. Ikibakiza kiputo, hewa ipo na inaisukuma zebaki chini. Mrija mwembamba nao hushusha kimo kidogo kwa sababu ya mvutano wa uso, yaani nguvu inayoukaza uso wa kimiminika. Na kama unaishi mlimani, usomaji wa chini ni sahihi kabisa.

Tafadhali usiifungue mwenyewe, mvuke wa zebaki ni sumu.